Baraza la Kumtetea Mlaji

Palikuwa na nchi moja yenye jina refu mno. Wananchi walikatazwa kulitaja lote kwenye simu, maana mtu alikuwa akifika katikati ya jina, bando limekwisha. Kwa hiyo wakaiita Nchi, basi. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Siku hizi ramani nayo hufunguka kwa bando.

Mawimbi yote ya simu yalikuwa chini ya Shirika la Mawimbi. Shirika hilo lilikuwa mali ya wananchi wote, na ndiyo maana liliwakata wote bila kubagua. Tena lilikuwa na huruma. Huko nchi za watu, kifurushi kikiisha, simu inanyamaza na mwenyewe anakwenda kulala. Shirika la Mawimbi halikuwa na roho mbaya namna hiyo. Ukifika kwenye kikomo, lilikuacha uendelee kidogo, ucheke kidogo, uiangalie harusi ya binamu yako mpaka wanapokata keki. Ndipo linakuletea Tozo ya Kupitiliza, ambayo ilikuwa kubwa kuliko kifurushi chenyewe na keki juu. Ukishindwa kuilipa unakatwa, na tangu hapo unaitwa mpitilizaji. Mpitilizaji anaruhusiwa kupigiwa. Kupiga, la.

Kitu kimoja hakikukatwa kamwe: Hotuba. Mheshimiwa Dakta Majigambo, Waziri wa Mawimbi, Utulivu na Mambo Mengineyo, alihutubia kila siku, saa yoyote ambayo maneno yangemjia. Yakimjia, simu zote za Nchi zilijifungua zenyewe, zilizokatwa na zisizokatwa, na uso wake ukajaa kwenye kioo. Huwezi kuufunga. Ukiilaza simu kifudifudi, inatetemeka. Ukiifunika kwa mto, inatetemeka zaidi, mpaka uitazame. Watoto wachanga wa Nchi walimjua Waziri kabla ya kuwajua baba zao.

*

Siwema alikuwa msusi. Banda lake lilikuwa la mabati, na kioo chake kilipasuka kona, kwa hiyo kila mteja alijiona ana masikio matatu. Asubuhi hiyo alikuwa akimsuka Bi Mashavu, jirani yake, mwanamke wa maneno mengi na nywele chache, huku simu ameiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya nazi.

Ndani ya simu alikuwemo Mwatumu, mdogo wake, amelala kitandani katika hospitali ya mgodini, upande wa pili wa Nchi. Kufika huko kwa basi ni siku mbili, kama basi lina nia.

Mwatumu alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Shule ya kwao haikuwa na mahali pa mtoto wa namna yake, kwa hiyo kusoma hakujua. Lugha yake ilikuwa ya mikono, waliyoitunga yeye na Siwema uani kwao wakiwa wadogo, na duniani kote ilikuwa na wasemaji wawili. Mama yao alikuwa wa tatu, lakini mama alishafariki.

Kila walipoonana kwenye simu Mwatumu alianza na neno lile lile: vidole mdomoni, halafu kiganja kitupu mbele. Umekula? Hata asubuhi hiyo, uchungu umemshika tangu jana, jasho linamtiririka mpaka shingoni, alianza na hilo hilo. Umekula? Siwema akamdanganya kwamba amekula.

Nesi akaingiza kichwa kwenye kioo. Aliitwa Foibe, mnene, mwenye haraka, kofia imekaa upande.

"Dada Siwema, mwambie mwenzio. Mtoto amekingama kama gogo mlangoni. Daktari anataka kumpasua, na ikipita saa kumi jioni mimi sitakuwa na la kukwambia. Mume wake ameshatia saini, lakini saini ya mume haimshiki mke miguu. Kila anayemsogelea anakula teke."

Mwatumu alikuwa ameviona visu kwenye sinia. Mkono wake wa kulia ukawa kisu, ukapita hewani. Kata. Kisha mikono yote miwili ikafunguka, macho yakamtoka: Wanataka kukata nini? Mtoto?

Siwema akatupa kitana, akanyanyua mikono amjibu.

Kioo kikawa cheusi. Yakatokea maandishi meupe: *Ndugu Mteja Mpendwa. Umepitiliza. Tunakukata kwa upendo.*

"Nimekatwa," akasema Siwema.

"Kukatwa vipi? Si ulijiunga Kifurushi cha Mwezi juzi tu, nikikuona kwa macho yangu?"

"Nilijiunga nikaizima simu, nisikiguse mpaka leo. Bi Mashavu, bando langu limeliwa!"

"Shika ya kwangu, haraka."

Bi Mashavu akachomoa simu kifuani. Kabla haijafika mkononi mwa Siwema ikalia kama paka aliyekanyagwa, ikaandika: *Umeonekana karibu na mpitilizaji. Deni lake huambukiza. Tafadhali sogea.*

Bi Mashavu akasogea. Si kwa roho mbaya, miguu ilisogea yenyewe. Rasta moja ikabaki mkononi mwa Siwema.

*

Simu ya Siwema ikaita, ile ya kawaida, ya sauti.

"Dada, umepotelea wapi?" alikuwa Nesi Foibe. "Mwenzio amenikwida huku!"

"Wamenikata, nesi. Sikiliza, mkono wako uwe mkono wangu. Weka kidole chini ya kitovu chako. Chora mstari, taratibu."

"Nimechora."

"Sasa kunja ngumi, uiweke hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa!" Siwema akajipiga kifuani, kana kwamba nesi anamwona.

Nesi akaiweka alipodhani. Kikasikika kishindo, na sinia likaanguka kwa kelele zake zote.

"Umeiweka wapi, nesi?"

"Chini ya kidevu."

"Mungu wangu. Kidevuni ni mbuzi. Umemwambia unamchinja kama mbuzi."

Nesi akarudi kwa sauti ndogo.

"Sasa amefumba macho, dada. Amefumba kabisa. Simu ameikumbatia kifuani, hataki kutuona."

Kwa mtu kama Mwatumu, kufumba macho ni kutoka chumbani na kuondoka na ufunguo.

*

Ofisi ya Shirika ilikuwa ghorofa la vioo, na juu ya mlango wake palikuwa pameandikwa TUKO NAWE MPAKA UPITILIZE. Ndani mlikuwa na Madirisha ya Furaha, ya kununulia vifurushi, safu nzima, hayana foleni. Pembeni kabisa, karibu na choo, kulikuwa na Dirisha la Masikitiko, na foleni yake ilitoka nje ikazunguka ghorofa. Siwema aliwapita watu wote akiwaambia, "Mdogo wangu anajifungua, mdogo wangu anajifungua," na watu wakampisha, kwa kuwa wao walikuwa wamekuja kwa mambo ya mwaka jana.

Nyuma ya dirisha alikaa Bwana Faraji, kijana wa tai, aliyepelekwa semina ya kusikitika akarudi na cheti.

"Karibu mteja. Tunasikitika."

"Sijasema kitu bado, kaka."

"Tunatangulia. Ni sehemu ya huduma."

Siwema akamweleza. Alieleza upesi, akirukia maneno, macho kwenye saa ya ukutani. Bwana Faraji akabonyeza mashine yake, akaitazama, akatikisa kichwa.

"Video. Ndiyo inayokula, dada yangu. Kwa nini hamwongei kwa mdomo? Sauti ni nafuu."

"Ni kiziwi."

"Ndiyo, naona hapa. Anatumia mikono miwili. Tena anaitanua." Akasikitika kidogo. "Kila kinachotikisika mbele ya kamera kinakula data. Mwambie atumie mkono mmoja. Au kidole. Tuna wateja wanapendana kwa kidole kimoja na ndoa zao zinakwenda."

"Lakini simu niliizima, kaka. Juzi na jana."

"Ulizima wewe. Mheshimiwa hakuzima. Juzi alihutubia mpaka jua likazama. Jana akairudia yote, kwa sababu ya juzi aliipenda."

"Kwa hiyo bando langu limeliwa na Hotuba?"

Bwana Faraji akageuka nyuma, akageuka tena mbele. "Sijasema hivyo. Umesema wewe. Mimi nasikitika tu."

"Nifungulie kidogo, kaka yangu. Anangoja neno langu. Asiponiona hatakubali, na asipokubali..."

Yule kijana akasahau semina. Uso wake ukawa uso wa mtu.

"Mimi mwenyewe nimekatwa, dada," akanong'ona. "Mama yangu nimemwona mara ya mwisho kabla ya mvua. Nenda ng'ambo ya barabara, jengo la njano. Baraza la Kumtetea Mlaji. Wakiniandikia nikufungulie, nakufungulia saa hiyo hiyo." Kisha akanyoosha tai. "Tunasikitika! Anayefuata!"

*

Nje alimkuta Bi Mashavu. Alikuwa amemfuata kutoka bandani, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, lakini Siwema alipovuka kwenda jengo la njano, yeye alibaki upande wa pili wa barabara, mbali kiasi cha deni kutomrukia. Kwa hiyo wakazungumza kwa kupayuka, magari yakipita katikati ya maneno yao.

"Bi Mashavu! Hili ndilo jengo? Limeandikwa la kumtetea mlaji!"

"Ndilo! Ingia!"

"Yaani waliokula wana baraza lao?"

"We Siwema, mlaji ni wewe! Ndivyo wanavyotuita hao! Mtu akinunua kitu, mlaji! Nimesikia redioni!"

"Mimi nimeliwa, Bi Mashavu! Mlaji wa wapi tena?"

"Ingia mwanangu, utajulia ndani!"

Siwema alitegemea kufukuzwa getini. Badala yake askari alipomsikia akisema "nina malalamiko" alimkumbatia.

"Amepatikana!" akapiga kelele. "Mlalamikaji amepatikana!"

Ikumbukwe kwamba Baraza lilikuwepo miaka mingi na halijawahi kupata mlalamikaji hata mmoja. Serikali ilijivunia jambo hilo kama dalili ya wananchi kuridhika. Geti lilikuwa limefungwa muda wote, lakini hilo halikuandikwa kwenye taarifa. Sasa siku hiyo walikuwa wamekuja wageni kutoka nje, wale wanaotoa misaada, kuona kwa macho yao Nchi inavyomtetea mlaji. Waziri mwenyewe alikuwa njiani. Baraza lilikuwa na mwenyekiti, wajumbe, wakili, maua na sambusa. Mlalamikaji tu ndiye aliyekosekana, na askari walikuwa wameshaanza kumfundisha mfagiaji alalamike.

Siwema akaingizwa mbio ukumbini. Viti vilikuwa bado kwenye nailoni za dukani. Sambusa zilipangwa kwenye meza ndefu, zinanukia, na askari akamwambia kwa upole kwamba hizo ni za wageni, asizitazame sana. Mbele ilisimama kamera kubwa, na fundi wake akampanga Siwema kwenye kizimba, kando kabisa ya mimbari.

"Taa hii ikiwaka nyekundu," fundi akamwambia, "Mheshimiwa yuko kwenye simu zote za Nchi. Usijikune pua."

"Zote, kaka? Hata zilizokatwa?"

"Hotuba haijui kukatwa."

Saa ya ukumbini ilikuwa imesimama tangu siku ya uzinduzi. Siwema hakujua tena ni saa ngapi. Mikono yake ilianza kusokota pindo la kanga, msuko mmoja, msuko wa pili, inafumua, inaanza tena.

*

Waziri akaingia, watu wakasimama, wakakaa, wakasimama tena kwa kuwa alikuwa hajakaa. Jaji Mstaafu Songoro, mwenyekiti wa Baraza, akagonga meza.

"Mlalamikaji, useme shida yako kwa kifupi, kwa heshima, na kwa furaha."

"Bando langu limeliwa, mzee. Naomba nifunguliwe sasa hivi, mdogo wangu yuko hospitali, ananingoja mimi. Mengine nitalipa hata kwa kusuka."

Mgeni mmoja akaandika. Akasimama Wakili Msomi Ngwaya, wa Shirika, mtu mwembamba mwenye joho pana.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nina swali moja dogo. Mama, kifurushi hicho ulikula wewe?"

"Sikula mimi."

"Asante. Mheshimiwa Mwenyekiti, sheria iliyounda Baraza hili inasema litamtetea mlaji. Huyu ametamka kwa kinywa chake kwamba hakula. Si mlaji. Amekosea mlango."

Jaji akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kisheria. Siwema akaona mlango unafungwa.

"Basi nimekula mimi!" akasema. "Andikeni. Nimekula mimi, chote."

"Safi kabisa," akasema Wakili. "Kama amekula chote, na simu yake inaonyesha kimeliwa chote na kikapitilizwa, basi alipe Tozo ya Kupitiliza. Mlaji halali hulipa alichokula. Akishalipa, Shirika halina ugomvi naye."

"Sasa wazee wangu, nikisema sikula mnanifukuza, nikisema nimekula mnanikata. Niseme nini?"

"Ukweli," akasema Jaji, kwa sauti ya kuwafikia wageni.

"Ukweli ni kwamba limeliwa na Hotuba."

Nailoni za viti zikalia ukumbi mzima, watu walivyojisogeza. Waziri akainua nyusi. Jaji Songoro akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Aliangalia kifungu cha sheria, akaangalia uso wa Waziri, na taratibu uso wake mwenyewe ukang'aa.

"Kwa maneno hayo," akasema, "mlaji amepatikana. Mlaji ni Hotuba. Na kwa mujibu wa sheria, Baraza hili linasimama, kwa nguvu zake zote, kumtetea mlaji."

Makofi yakapigwa. Waziri akainama kidogo, kama mtu aliyeonewa siku nyingi na leo amepata watu wake. Akaguswa. Na alipoguswa, maneno yakamjia.

*

Alipanda mimbarini. Taa ikawaka nyekundu.

Mara ukumbi mzima ukaanza kunguruma. Simu kwenye mfuko wa askari, simu kwenye joho la Wakili, simu chini ya sambusa, zote zinatetemeka. Hata ya Siwema, iliyokatwa tangu asubuhi, iliamka kwenye kanga na kumtekenya kiunoni. Akaitazama. Uso wa Waziri umejaa, na pembeni ya uso, kwenye kona, bega la mwanamke na kipande cha kanga.

Kanga yake.

Ndipo akilini akaiona simu nyingine, mbali, iliyokumbatiwa kifuani na mtu aliyefumba macho. Nayo inatetemeka. Haitaacha mpaka itazamwe.

Siwema akasogea hatua moja kuelekea kwa Waziri na kuinua mikono.

*Mwatumu. Ni mimi. Nitazame mimi, huyu mzee mwache.*

"Ndugu wananchi!" Waziri akaanza. "Tumetoka mbali!"

*Hawamkati mtoto. Mtoto hawamgusi kwa kisu.*

Askari akapiga hatua kumshika. Lakini mgeni mmoja, mama wa miwani mikubwa, alikuwa ameshika mdomo kwa furaha, na ikasikika ananong'ona kwa jirani yake, "Mkalimani wa viziwi! Wamepiga hatua kubwa hawa!" Jaji akasikia. Wakili akasikia. Waziri naye akasikia, akatazama kushoto, akaona mikono ya binti inapanda na kushuka sambamba na maneno yake, na kifua chake kikajaa.

"Na kama mnavyoona," akasema, "hata wasiosikia hatukuwaacha nyuma! Wanatusikia!"

Askari akarudi kinyumenyume mpaka ukutani.

*Wanakata mstari wa Mama. Ule wa chini ya kitovu, uliokuwa ukiucheka tukioga. Unaukumbuka? Mimi nilitokea pale.*

"Tumefungua njia pale ambapo hapakuwa na njia!"

*Mama alilala, hakusikia kitu. Akaamka, akapika uji. Na wewe utalala. Utaamka.*

Waziri sasa alikuwa anaongea polepole, akimngojea, kwa kuwa aliona maneno yake yanapendeza zaidi yakiwa mikononi. Alipotaja maendeleo alimtupia jicho, aone maendeleo yanavyofanywa. Siwema akaweka ngumi kifuani, palepale pa kifuani, si kwingine. *Mwamini. Nesi ni mjinga wa mikono tu, roho yake nzuri. Mwamini.*

Lakini taa nyekundu haikumjibu. Ilimtazama tu. Hakuwa na namna ya kujua kama kule macho yamefumbuliwa, au simu imetupwa chini ya kitanda, au saa kumi imeshapita na watu wamefunika sinia. Akaanza upya. Mstari wa Mama. Utalala. Utaamka. Akaanza tena, kwa mikono iliyotanuliwa kabisa, mikono ya kula data ya Nchi nzima. Waziri alipokaribia kumaliza, akisema "na kwa hayo machache", Siwema aliharakisha mikono. Nadhani hakuna mwananchi mwingine aliyewahi kuomba Hotuba isiishe.

Ikaisha. *Umenielewa?* akauliza kwa haraka. *Umenielewa?*

Taa ikazima.

"Binti," akasema Waziri, akijifuta jasho, "hiyo ya mwisho uliyoifanya ilikuwa na maana gani?"

"Ni 'umenielewa', Mheshimiwa."

"Vizuri sana. Wamenielewa."

Jaji Songoro akagonga meza na kutamka kwamba malalamiko yamefungwa, kwa kuwa mlalamikaji amesikilizwa na Nchi nzima, jambo ambalo halijapata kutokea. Wageni wakapiga picha. Askari aliyemkumbatia wakati wa kuingia akamshika mkono wakati wa kutoka, akamwomba siku nyingine asirudi.

*

Alikaa kwenye ngazi za jengo la njano. Jua likahama kutoka ngazi ya juu likashuka mpaka ya chini. Ng'ambo ya barabara Bi Mashavu hakubanduka, kichwa chake nusu nusu, akiuliza kwa mikono aliyoibuni mwenyewe: vipi? Siwema akimjibu kwa mabega: sijui.

Simu ikalia. Akaishika kwa mikono miwili. Lilikuwa Shirika.

*Ndugu Mlaji. Leo umeonekana kwenye Hotuba ukiwa umetanua mikono, na kwa kufanya hivyo umekula bando la wananchi wote. Umepitiliza.* Chini yake kulikuwa na tarakimu. Zilianza upande mmoja wa kioo, zikavuka upande wa pili, zikateremka mstari wa chini na kuendelea na safari. Siwema aliziangalia kama anavyoangalia mtu nyota. Walau sasa alikuwa mlaji, kwa maandishi.

Ikaita tena. Sauti.

"Dada!" Nesi Foibe alikuwa anacheka, au analia, kwa kelele za nyuma haikujulikana. "Wa kike! Ametoka anapiga yowe kama Waziri!"

Siwema akainuka kwenye ngazi, akakaa tena.

"Upo dada? Ile simu ilimtetemekea mpaka akafumbua macho. Alikutazama mwanzo mpaka mwisho, hapepesi. Ulipomaliza akamshika daktari mkono, yeye mwenyewe, akauweka chini ya kitovu."

"Na yeye? Yeye ameamka?"

"Ameamka sasa hivi. Ila kuna kitu anakifanya sikielewi, na mimi sigusi tena mambo ya ngumi, nisije nikamwita mbuzi. Ameishika simu, kioo cheusi, anaifanyia hivi: vidole mdomoni, halafu anatoa kiganja, kitupu. Anarudia tu. Ana kiu? Nimpe maji?"

Siwema akaegemea ukuta wa Baraza la Kumtetea Mlaji. Tangu jana jioni hakuwa ametia kitu mdomoni.

"Hataki maji, nesi," akasema. "Ananiuliza mimi."

Kivuli kikamwangukia. Bi Mashavu alikuwa amevuka barabara. Mkononi alikuwa na mhogo wa kuchoma kwenye gazeti, wa moto, pilipili imepenya karatasi. Simu yake kifuani ilikuwa ikipiga kelele, *sogea, sogea, deni lake huambukiza*, na watu wakigeuka kutazama. Bi Mashavu akakaa kwenye ngazi, nyonga kwa nyonga na Siwema, akalifungua gazeti.

"Kula."

Siwema akamega. Mdomo ukiwa umejaa, simu sikioni, akamwambia nesi:

"Mwitikie kwa kichwa tu. Hicho hata wewe utakiweza. Mwambie ndiyo."